Mshika Dawa wa Mama Niwaeli

Wodi namba sita ya hospitali yetu haina mgonjwa hata mmoja, na imejaa pomoni. Watu ishirini na watatu wanalala humo, na wote wamepona. Wana kwaya. Wana ligi ya bao. Jumanne na Ijumaa humfukuza mpishi jikoni na kupika makande wenyewe, kwa sababu wanasema ya mpishi hayana adabu. Daktari akipita asubuhi kuwapima, wao ndio humwuliza kama amelala vizuri.

Mimi ndiye ninayewazuia kwenda makwao. Naitwa Namsifu Msuya, mfamasia wa hospitali hii ya mlimani. Kiti changu kiko kwenye dirisha la mwisho kabla ya geti, ambapo kila anayeruhusiwa hupita kuchukua dawa ya kwenda nayo nyumbani. Juu ya dirisha nimebandika Kifungu cha Tisa cha Sheria ya Dawa za Mlangoni, kwa herufi kubwa ili nisichoke kukisoma kwa sauti: hospitali itampa mgonjwa anayeruhusiwa dozi ya siku tatu, mara moja, si zaidi, na baada ya hapo ataendelea na duka la dawa lenye leseni. Duka lenye leseni lililo karibu nasi liko tambarare. Tangu maporomoko yaichukue barabara, ni mwendo wa siku nzima kushuka na siku nyingine kupanda. Mtu anafika nyumbani, anavua viatu, anaanza safari tena. Waliojaribu walirudi wakiwa hoi, wakaomba vitanda vyao vya zamani.

Asubuhi moja Mama Niwaeli alikuja dirishani amevaa gauni la kanisani, begi mkononi. Jina lake ni Nakiete Mbwambo, mkulima wa tangawizi wa kijiji cha Kindeko, mwendo wa saa moja na nusu kutoka getini kwetu. Moyo wake ulikuwa umechoka; tuliutibu, na ulikuwa umetulia kwa miezi minane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe dawa yangu niende."

"Ya siku tatu?"

"Ya siku zote. Jumatatu ijayo baraza la ardhi linakuja kusimama shambani kwangu kuangalia mpaka. Nisipokuwepo, Elifuraha Mshana anachukua mistari yangu minne ya tangawizi. Mtaniponya moyo ili nife kwa hasira?"

Kesi hiyo niliijua. Hospitali nzima iliijua. Elifuraha ni jirani yake wa upande wa chini. Kwa miaka sita Mama Niwaeli amekuwa akidai kwamba usiku mmoja masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, yalitembea hatua nne kupanda kwake. Elifuraha naye anadai kwamba masale hayana miguu.

Nilitoa kibweta chake kwenye friji, nikakiweka kati yetu. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Ndani yake kuna chachu iliyooteshwa kutokana na damu yake mwenyewe. Inakula sukari, inapumua, na kila siku saa nne asubuhi inatoa tone moja. Tone hilo likimwingia yeye, moyo unapiga sawasawa hadi kesho yake. Likimwingia mtu mwingine, damu ya mtu huyo inalidhania adui, na vita vinapiganwa ndani ya mapafu. Saa ya sabini na mbili ikitimia, kibweta kinajipasha moto na chachu inakufa. Ndivyo Sheria inavyotaka.

"Kinaweza kuzuiwa kisijipashe moto?" aliuliza. Alikuwa amenitazama usoni muda wote.

Kinaweza. Kwenye droo yangu kuna ufunguo wa fundi. Unauzungusha mara mbili, saa ya kibweta inasimama, na chachu inaweza kuishi hata mwaka. Mkono wangu ulikuwa tayari uko kwenye droo. Nilimpenda mama yule, sitaki kuficha, na nilikuwa nimechoka kuwa kufuli.

"Mama, nikuulize jambo moja, unijibu kweli. Umekaa nyumbani na kibweta chako. Mjukuu wa jirani anawaka homa, bibi yake anakuja kwako analia. Utampa tone?"

Aliweka begi chini.

"Ningetaka kukudanganya, Daktari. Lakini nitampa. Sikulelewa kumwangalia mtu anaumia na dawa iko mfukoni mwangu."

Watu wa huku huniita daktari, nami nimekata tamaa ya kuwasahihisha. Nilifunga droo. Kisha nilimweleza kitu ambacho sijawahi kumweleza mgonjwa. Miaka minane iliyopita, kabla ya Sheria, nilimpa mzee mmoja wa ng'ambo ya bonde dawa hai ya mwezi mzima. Alikuwa mtu mwema. Majirani walipoanza kukohoa aliwagawia tone tone, kama watu wanavyogawiana chumvi. Wakafa wanne. Nilikwenda kwenye mazishi yote manne, na kila nyumba walinikaribisha chai. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mama Niwaeli alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Pole, mwanangu," akachukua begi lake, akarudi wodini. Nilifunga dirisha kabla ya wakati, nikalia kidogo.

*

Sisi Wapare tunataniwa kwamba tunapenda kesi kuliko chakula. Ni uongo, tunapenda vyote viwili. Mchana huo, makande yakiwa bado mdomoni, wodi namba sita iligeuka mahakama. Mwalimu Kiangi, aliyepona figo tangu mwaka jana, alikuwa ameagiza nakala nzima ya Sheria ya Dawa za Mlangoni, na walikuwa wanaisoma kwa zamu, kurasa mia moja na kumi, pamoja na majedwali. Ilipofika saa tisa walimtuma mtu aniite.

"Kifungu cha Kumi na Saba," alisema Mwalimu Kiangi huku miwani imemshuka puani. "Umewahi kukisoma?"

Nilikuwa nimekisoma. Kila mfamasia amekisoma, na sijasikia aliyekitumia. Kinasema mfamasia anaweza kumwapisha mshika dawa na kumkabidhi dozi ya siku tisini, mradi mtu huyo si ndugu wala rafiki wa mgonjwa, hatanufaika na kifo chake, na amepimwa na Mizani akaonekana hawezi kushawishika.

"Kindeko nzima ni ndugu na marafiki," niliwaambia. "Ndiyo maana hakitumiki."

"Walete tu wapimwe," alisema Mama Niwaeli. "Ndugu wa mbali sana wamo."

Wakaja. Siku mbili mfululizo watu arobaini na moja waliteremka kutoka Kindeko wakiwa na nguo safi na vikapu vya ndizi, wakapanga foleni mbele ya dirisha langu. Mizani ni sanduku la chuma lenye taa mbili. Unaweka kiganja juu yake, linakuuliza maswali matatu kwa sauti ya upole, unajibu. Halisomi mawazo. Linasikiliza sauti na kupima joto la kiganja tu, lakini hapana ambayo ndani yake ni ndiyo hailipiti.

"Mtoto wa jirani anaumwa," Mizani iliuliza. "Bibi yake analia. Utatoa tone?"

"Hapana," alisema mtu wa kwanza, na taa nyekundu ikawaka.

"Hapana kabisa," alisema wa pili. Nyekundu.

Wa tatu alisema hapana akaanza kulia mwenyewe. Mchungaji alikuja na Biblia yake. Taa iliwaka kabla swali halijaisha. Mwanamke mmoja aliiuliza Mizani mtoto huyo ni wa nani hasa, na kama ameshapelekwa hospitali. Kufikia jioni ya siku ya pili tulikuwa na nyekundu arobaini na moja na ndizi za kutosha wodi nzima. Nilifurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimethibitisha kwa mashine kwamba Kindeko ni kijiji cha watu wema, na kwamba kwa sababu hiyo hawawezi kuachiwa dawa.

*

Elifuraha Mshana alikuja Ijumaa. Hakuja kupimwa. Alikuja kushitaki.

"Daktari, mnamficha mdai wangu," alisema kabla hata ya salamu. Ni mwanamume mrefu, mkavu, wa miaka kama sitini, na mfuko wa shati lake ulikuwa umetuna kwa karatasi za baraza. "Kesi imeahirishwa mara tisa, yeye mgonjwa, yeye mgonjwa. Nimesikia ni mzima, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Jumatatu baraza linakuja. Namtaka shambani!"

"Hatujamficha, Baba Ombeni," nilimjibu kwa jina la mwanawe. "Hana mtu wa kumshikia dawa."

"Aishike mwenyewe."

"Atagawa."

Alicheka kwa dharau. "Atagawa, ndiyo. Huyo anagawa hadi sufuria. Mimi angenigawia mpaka, tungekuwa tumemaliza."

Sijui ni nini kilichonisukuma. Nilimwambia aweke kiganja kwenye Mizani, mara moja tu. Aliweka kwa sababu alidhani ni fomu ya malalamiko.

"Mtoto wa jirani anaumwa. Bibi yake analia. Utatoa tone?"

"Kwa nini nitoe? Si dawa yake. Ampeleke hospitali."

Taa ya kijani iliwaka. Sikuwahi kuiona ikiwaka, nilidhani imeharibika.

"Mgonjwa mwenyewe anakusihi umpe matone mawili badala ya moja. Utampa?"

"Yule? Simpi hata chumvi ya kuazima."

Kijani.

"Mgonjwa akifa, utafaidika?"

Hapo aligeuka kutazama mlangoni. Wodi namba sita yote ilikuwa imekuja kusimama nyuma ya mlango wa kioo, na Mama Niwaeli alikuwa mbele yao, mikono kiunoni.

"Akifa," alisema Elifuraha taratibu, "kesi inafutwa. Karani wa baraza alinieleza. Miaka sita! Nimemaliza jozi tatu za viatu kwa kwenda barazani. Halafu afe, ugomvi ubaki pale pale, watoto wake waanze upya na mimi nimezeeka? Hapana. Namtaka akiwa hai, masikio yake yasikie hukumu. Hiyo dawa atakunywa hata nimshike pua."

Kijani. Nyuma ya kioo watu walipiga vigelegele kana kwamba tumepata bwana harusi.

Mimi sikupiga. Niliwafukuza wote, nikabaki na Mama Niwaeli peke yake. Nilikuwa na kalamu mkononi na fomu ya kiapo mezani, na mkono haukutaka kwenda. Mashine ilipima kama mtu huyu atashawishika kutoa. Haikupima kama siku moja, kwa chuki tu, atachelewa saa moja akimwangalia mwenzake anavyotapatapa. Sheria haikuniuliza hilo, lakini mimi nilijiuliza. Unawezaje kuuchukua uhai wa mtu na kuuweka kwenye kiganja cha anayemchukia, ukaita hiyo kazi?

"Unaogopa," alisema.

"Naogopa sana, mama."

"Wewe dawa ulimpa rafiki wa watu, wakafa. Mpe adui mara moja uone." Akavuta kiti, akakaa. "Yule namfahamu kuliko unavyomfahamu. Ni mchoyo, ni mkaidi, ana mdomo mchafu. Lakini miaka sita hajawahi kuchelewa barazani hata dakika moja. Mimi ndiye ninayechelewa. Na sikiliza: kama ni kufa, niache nikafie kwenye tangawizi yangu, si hapa ninapokula makande nikiwa mzima. Uhai ni wangu. Mkono nimeuchagua mimi."

Nikatia saini. Kalamu ilitoboa karatasi.

*

Siku tatu za kwanza nililala, kwa sababu Mama Niwaeli alikuwa na dozi yake ya Kifungu cha Tisa; baraza nalo liliahirisha kuja kwa mara ya kumi. Siku ya nne sikuweza. Asubuhi nilifunga safari kwenda Kindeko, nikafika saa nne kasoro dakika tano. Elifuraha alikuwa ameshasimama mpakani, kati ya masale na masale, kibweta mkononi, anatazama saa. Mama Niwaeli alikuwa upande wake, anapalilia kwa makusudi, kwa mwendo wa kobe.

"Mdai!" aliita Elifuraha. "Dakika mbili!"

"Nasikia, mdaiwa. Mimi si kiziwi."

"Fungua mdomo. Hicho ndicho kitu pekee unachokijua."

Saa nne kamili tone lilidondoka. Alisubiri ameze, akamwamuru afungue mdomo tena aone, akaandika kwenye daftari, akageuka na kwenda zake bila kuaga. Mama Niwaeli alinikonyeza. Nilikaa kwenye tuta na kucheka hadi mbavu zikaniuma, kisha nikasaidia kupalilia.

Jaribio lenyewe lilikuja wiki ya tano, na lilikuwa lile swali langu la dirishani, limevaa nguo. Mjukuu wa Bibi Togolai, binti wa miaka minne, aliwaka homa asubuhi. Bibi alikimbilia kwa Mama Niwaeli. Wote wawili wakakimbilia kwa Elifuraha wakilia, Mama Niwaeli akilia kuliko bibi mwenyewe.

"Mpe! Mpe tone langu! Mimi nitavumilia leo!"

"Sitoi."

"Una moyo wa jiwe wewe!"

"Ninao," alisema. Alikitia kibweta ndani ya shati, akamtwaa mtoto, akamfunga mgongoni kwa kanga ya Mama Niwaeli, akateremka mlima kwa mbio. Nilimwona anaingia getini jasho linamtiririka, anatukana kila aliyesimama njiani. Ilikuwa malaria. Kufikia adhuhuri mtoto alikuwa anaomba ndizi. Elifuraha hakungoja; saa mbili ilikuwa imepita alipomweka mikononi mwa muuguzi, na papo hapo alianza kupanda ili aliwahi tone la saa nne.

Niliingia ghala la dawa, nikafunga mlango. Niliwataja wale wanne kwa majina, mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane niliyataja bila kuomba msamaha. Nilikuwa na furaha, furaha nzito, sina neno lingine.

Habari zilipofika wodi namba sita, kila mtu alianza kukumbuka ana kesi na nani. Walitumiwa salamu watu ambao hawakuwa wamesalimiwa miaka kumi. Maadui waliteremka mlimani na nyuso zimekunjwa, wakapimwa, taa zikawaka kijani moja baada ya nyingine, na vitanda vikaanza kubaki vitupu. Bibi mmoja mpole alilia kwamba yeye hana adui hata mmoja duniani. Mwalimu Kiangi, kabla hajaondoka, alimtukania kwaya yake mbele ya watu ili naye apate adui.

*

Siku ya tisini mshika dawa lazima apimwe upya. Hilo lilinikosesha raha, kwa sababu mambo ya Kindeko yalikuwa yameharibika: walikuwa wamepatana. Baraza hatimaye lilisimama shambani, likapima, likagawa mistari miwili kwa mama na miwili kwa Elifuraha, na kwa maajabu ya Mungu wote wawili waliridhika. Nilisikia kwamba Elifuraha sasa anakaribishwa chai baada ya tone. Nilisikia kwamba amemsaidia kuvuna.

Alifika dirishani saa moja asubuhi, amebeba mfuko wa tangawizi, na alikuwa anatabasamu. Sikujua kwamba ana meno mazuri.

"Shikamoo, Baba Ombeni."

"Marahaba, Daktari. Huyu mama, unajua, ni mtu mwema sana. Nilimhukumu vibaya."

Moyo ulinishuka. Ningefanya nini? Sheria ni sheria, na mimi mwenyewe nilijua kwa nini. Mkono mlaini ulikuwa umeshaua watu wanne. Kama taa ingewaka nyekundu, Mama Niwaeli angerudi wodini jioni hiyo hiyo na gauni lake la kanisani. Nilisogeza Mizani mbele polepole, natafuta cha kusema ili nichelewe. Nilimwuliza habari za mvua. Nilimwuliza habari za mvua mara ya pili.

Ndipo tarishi wa baraza la ardhi alipoingia getini anahema.

"Elifuraha Mshana? Nimekufuata nyumbani nikaambiwa uko huku. Weka saini hapa. Umeshitakiwa."

"Na nani?"

"Nakiete Mbwambo."

Alichukua karatasi. Niliona tabasamu linaondoka usoni mwake, likifuatwa na rangi yote.

"Kuku!" alinguruma. Nyuma yake watu wa foleni walirudi hatua. "Anasema kuku wangu amevuka mpaka akafukua tangawizi yake! Anadai fidia! Daktari, kuku mwenyewe nilimpa mimi! Juzi! Kwa mikono yangu hii, zawadi, atengeneze mchuzi!"

"Weka kiganja, baba," nilisema haraka.

Alikibamiza. Mizani ikauliza, naye akajibu maswali matatu kwa sauti iliyotikisa vioo vya dirisha. Kijani, kijani, kijani. Mizani haiulizi hasira imetoka wapi, nami sikuiuliza. Tarehe ya hati ile ilikuwa ya jana, na pembeni, kwa mwandiko wa Mama Niwaeli nilioufahamu, palikuwa pameandikwa: kesi isikilizwe baada ya siku tisini.

Nilijaza chachu mpya, nikafunga kibweta, nikagonga muhuri.

"Nitamshinda," alikuwa anasema, "nitamshinda hadi baraza la wilaya, nitaleta mashahidi, nitamleta kuku..." Akatazama saa ya ukutani. "Saa mbili na nusu! Mbona hamsemi? Huyo mwanamke hajui hata kujihesabia saa!"

Hakuaga. Nilitoa kichwa dirishani nikamtazama anavyopanda mlima kwa mbio, shati limechomoka. Alikuwa anatukana kwa sauti kubwa, na alikuwa amekishika kibweta kwa mikono yote miwili.